Khalil bin Ahmad na Hesabu ya Herufi

Mtoto wa Arusha ametumwa sokoni, mahali wanawake wa mitelemko ya Meru waletapo mazao yao. Ameambiwa achague vitu viwili katika vinne: ndizi, maharagwe, viazi na mahindi. Aweza kuchagua kwa njia ngapi? Ndizi zaweza kuandamana na kila kimoja cha vile vitatu: njia 3. Maharagwe yaandamane na viazi au mahindi: njia 2. Yabaki viazi na mahindi: njia 1. Jumla ni 6. Ndizi na maharagwe ni sawa na maharagwe na ndizi, maana kikapuni hakuna cha kwanza.

Khalil bin Ahmad al-Farahidi alizaliwa mwaka 718. Asili yake Omani, lakini alikaa Basra, mji wa Iraki, katika kibanda cha matete. Husimuliwa kwamba mkubwa mmoja alituma mjumbe kumwita amfundishe mwanawe. Khalil akamtolea mjumbe mkate mkavu, kumwonyesha kuwa maadamu anao huo hana haja na mkubwa yule. Ndiye aliyevumbua kanuni za mizani ya mashairi ya Kiarabu.

Alitaka kukusanya maneno yote ya Kiarabu katika kitabu kimoja. Lakini mtu atajuaje kama hakusahau neno? Akiuliza watu, atapata yale wayakumbukayo tu. Basi Khalil akaanza na herufi. Herufi ni 28. Ya kwanza huandamana na 27, ya pili na 26, vivyo hivyo mpaka 1. Jumla ni 378. Lakini neno si kikapu! Herufi zikigeuzwa, huwa neno jingine. Kwa hiyo ni 756. Herufi tatu hugeuzwa kwa njia 6, nne kwa njia 24, tano kwa njia 120. Twaa k, t na b, zilizozaa kitabu na katibu, uzigeuze mwenyewe. Kila mpango Khalil aliupima: je, watu huusema, au hawausemi?

Kazi hiyo yaitwa Kitabu cha Ain, kwa jina la herufi itokayo kooni, maana alizipanga herufi tangu kooni mpaka midomoni. Akafa karibu na mwaka 786. Yasemekana aliingia msikitini huku akiwaza hesabu nyepesi ya kumwezesha kijakazi kwenda dukani asipunjwe, akajigonga nguzoni. Kitabu hakijaisha, husemwa mwanafunzi wake Layth ndiye aliyekimaliza.