Nasreen Mohamedi na Unyofu wa Mstari

Nasreen Mohamedi alizaliwa mwaka wa 1937 mjini Karachi, India ikiwa ingali chini ya Waingereza. Mamaye alifariki yeye akiwa mdogo, na familia ikahamia Bombay. Mwaka wa 1954 alikwenda London kusomea sanaa katika chuo cha Saint Martin's. Baadaye, kati ya 1961 na 1963, akaendelea na masomo mjini Paris. Huko Ulaya aliujua usasa wa kina Klee na Kandinsky. Hata hivyo, si Ulaya pekee iliyomlea. Babaye alikuwa na biashara Bahrain, na jangwa la huko lilimwathiri pakubwa. Aidha, alivutiwa na fikra za Zen na za Masufii, zinazomtaka mja aipunguze nafsi yake.

Kupunguza huko ndiko kulikoijenga sanaa yake. Michoro yake ya awali ilikuwa na dalili za miti na mimea. Alipoanza kufundisha katika chuo kikuu cha Baroda mwaka wa 1972, dalili hizo zilikuwa zikitoweka. Ikasalia karatasi, penseli, wino na rula. Mistari myembamba ilipishana mithili ya mtande na mshindio katika kitanda cha mfumi, mingine imekolea, mingine inafifia hadi jicho linaipoteza. Wakati huo Baroda ilisifika kwa wachoraji kama Bhupen Khakhar, waliosimulia maisha ya watu. Nasreen hakusimulia lolote. Msomaji aliyezoea kuuliza kisa kiko wapi atataabika mbele ya kazi zake, na pengine taabu hiyo ni haki yake.

Kisha maradhi ya neva yakaanza kumnyang'anya utiifu wa viungo. Wapo wanaoisoma michoro yake ya mwisho kama taarifa ya ugonjwa. Usomaji huo haushawishi: mwili ulipozidi kumwasi, mistari ya mshazari ilizidi kuwa michache, mikali na minyofu. Mkono uliotetemeka haukuacha alama ya mtetemeko.

Alifariki mwaka wa 1990 huko Kihim, kando ya bahari. Michoro yake mingi hakuipa anwani wala tarehe, hivyo wahakiki wanaipanga kwa kukisia. Mwaka wa 2016 ilitundikwa New York katika maonyesho ya ufunguzi wa Met Breuer, pamoja na picha alizopiga kwa kamera za nyuzi, majengo na fuo, ambazo hakuwahi kuzionyesha hadharani alipokuwa hai.