Asmund Laerdal

Asmund Laerdal (1913 - 1981) alikuwa mfanyabiashara na mtengenezaji wa midoli kutoka nchini Norwei. Anajulikana hasa kwa kutengeneza *Resusci Anne*, sanamu ya plastiki yenye ukubwa wa mtu mzima inayotumika duniani kote kufundishia namna ya kumwokoa mtu ambaye pumzi au moyo wake umesimama.

Maisha na kazi

Laerdal alianzisha kampuni yake katika mji wa Stavanger mwaka 1940. Mwanzoni ilichapisha kadi na vitabu vya watoto, kisha ikatengeneza midoli ya mbao. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijifunza kutumia plastiki laini, akatengeneza magari madogo na mdoli aliyeitwa Anne.

Katika miaka ya 1950 mtoto wake Tore, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, alikaribia kufa maji. Baba yake alimtoa majini akiwa hajitambui, akamsaidia mpaka akaanza tena kupumua.

Resusci Anne

Mnamo mwaka 1958 Bjørn Lind, daktari wa usingizi huko Stavanger, alifahamiana na Peter Safar, daktari aliyeonyesha kwamba kupuliza hewa mdomoni mwa mgonjwa kunafaa kuliko njia za zamani. Tatizo lilikuwa mazoezi: njia hiyo haikuweza kufundishwa kwa urahisi juu ya watu wazima wenye afya. Laerdal akaombwa kutengeneza sanamu.

Sura ya sanamu hiyo ilitokana na kinyago cha msichana asiyejulikana ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alizama katika mto Seine, Paris, katika karne ya 19. Sanamu ilianza kutumika mwaka 1960. Mwaka huohuo wataalamu wa Baltimore, Marekani, walitangaza njia ya kukandamiza kifua, hivyo Laerdal akaongeza springi kifuani.

Urithi

Laerdal alifariki mwaka 1981, na Tore akaendeleza kampuni. Baadaye kampuni ilitengeneza sanamu ya mtoto mchanga kwa ajili ya mafunzo ya kuwasaidia watoto wasiopumua wanapozaliwa. Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuyajaribu, kuanzia mwaka 2009. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 kuhusu hospitali 8 za nchi hiyo ulionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47%.

Ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache bila oksijeni. Kwa hiyo elimu hiyo inahitajika zaidi mbali na hospitali kubwa, kwa mfano Mikumi, wilaya ya Kilosa, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya hifadhi ya taifa, na msaidizi wa kwanza anaweza kuwa dereva au mpita njia.

Mambo ya msingi kwa mtu mzima ni haya:

* kuhakikisha mahali ni salama, kisha kuita msaada;
* kuangalia kama mgonjwa anaitika na anapumua kawaida;
* kama sivyo, kukandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika;
* kwa aliyefundishwa, kupuliza pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30.