Handel na Wimbo wa Waliotoka Utumwani



Katika kwaya zetu ni wachache wasioujua ule wimbo mkubwa wa Haleluya. Lakini ni wangapi wanaomjua aliyeutunga? Huyo ni George Frideric Handel.

Alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani. Baba yake, kinyozi na mpasuaji, alitaka mwanawe asomee sheria, lakini moyo wa kijana ulikuwa kwenye kinanda. Alipotimiza miaka 17 aliwekwa kuwa mpiga kinanda wa kanisa kuu la mji wake. Baadaye alikwenda Hamburg, kisha Italia, na tangu 1712 akafanya makao yake London. Mwaka 1727 alipewa uraia wa Uingereza.

Hapa yatupasa kusema neno zito. Mwaka 1716 Handel alikuwa na hisa katika kampuni ya South Sea, iliyokuwa na mkataba wa kupeleka watumwa Waafrika katika makoloni ya Hispania huko Amerika. Sisi watu wa Singida hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Bagamoyo ilipita Mgunda Mkali, katika nchi ya Manyoni, na watumwa walipitishwa humo.

Hata hivyo, ni mtu huyo huyo aliyetunga, mwaka 1738, kazi ya kwaya iitwayo Israel in Egypt. Maneno yake ni ya Biblia, hasa kitabu cha Kutoka: habari za watumwa na Mungu aliyewatoa kifungoni. Ilipoimbwa mara ya kwanza, mwaka 1739, watu wengi wa London hawakuipenda. Lakini tarehe 29 Juni 1888 maelfu ya waimbaji waliiimba katika jumba la Crystal Palace, na sauti zao zikanaswa katika silinda za nta za mashine ya Edison. Ni hafifu na zina mikwaruzo, lakini zipo hata leo, nazo ni miongoni mwa muziki wa kwanza kabisa kunaswa na kuhifadhiwa. Mwaka ule utumwa ulikuwa bado halali Unguja; ulifutwa mwaka 1897.

Mwaka 1741 Handel aliitunga Messiah, yenye ile Haleluya, kwa siku 24 tu. Ilipoimbwa Dublin tarehe 13 Aprili 1742, mapato yalikwenda kwa wagonjwa na kwa wafungwa wa madeni. Tangu 1750 iliimbwa kila mwaka kuwasaidia watoto waliotupwa, waliolelewa katika nyumba ya Foundling Hospital. Handel alipofuka macho uzeeni, asiache kupiga kinanda. Alifariki tarehe 14 Aprili 1759, akazikwa Westminster Abbey.

Je, tuache kuimba nyimbo zake? Twakumbuka kwamba Daudi alimwua Uria, na zaburi zake twaziimba. Lakini Biblia haikuificha dhambi ya Daudi. Basi nasi tuimbe, na walimu wa kwaya wawaeleze vijana habari yote, mema na mabaya. Anayestahili sifa katika Haleluya si aliyeitunga, ni Yeye awafunguaye waliofungwa.