Abdus Salam: kutoka Jhang hadi siri ya maada ya giza

Huko Mulago, jijini Kampala, wagonjwa wengi wa saratani wametibiwa kwa mashine ya kobalti. Kiini cha kobalti huvunjika kwa nguvu dhaifu ya maumbile, kisha hutoa miale kwa nguvu ya sumaku-umeme. Kwamba nguvu hizo mbili zina asili moja ni nadharia iliyowapatia Abdus Salam, Sheldon Glashow na Steven Weinberg Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979.

Salam alizaliwa mwaka 1926, akakulia Jhang, mji mdogo ambao leo uko Pakistan. Baada ya masomo Cambridge alirejea nyumbani kufundisha Lahore. Huko hakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye fizikia ya chembe. Mwaka 1954 aliondoka. Ilimbidi achague kati ya nchi yake na sayansi yake.

Uchaguzi huo hakutaka mwingine aulazimike. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, ambako wanasayansi wa nchi maskini, Waafrika wakiwemo, wangekaa wiki au miezi kadhaa, kisha warudi kufundisha kwao.

Mwaka 1974, yeye na John Strathdee walibuni lugha ya hesabu ya supasimetria, nadharia inayoipa kila chembe mwenza wake. Katika mifano mingi ya nadharia hiyo, mwenza mwepesi kuliko wote hawezi kuvunjika. Iwapo ni nyutralino, hana chaji wala hatoi mwanga, hivyo anafaa kuwa maada ya giza, ile isiyoonekana inayozishikilia galaksi na kuizidi maada ya kawaida zaidi ya mara tano. Hadi sasa mitambo ya CERN haijamwona.

Mwaka huohuo wa 1974, katiba ya Pakistan ilirekebishwa na kuwatangaza Waahmadiyya, jumuiya yake, kuwa si Waislamu. Salam hakuukana uraia wake. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah, Pakistan, na baadaye neno Mwislamu likafutwa kwenye jiwe la kaburi lake.

Kituo cha Trieste sasa kina jina lake. Mwaka 2018 tawi shirika lilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, safari ya siku moja kwa basi kutoka Kampala.