Cyril Stanley Smith, mhunzi aliyewakutanisha wanasayansi

Ukitazama magharibi kutoka Kashikishi, ng'ambo ya Ziwa Mweru ni Katanga, nchi ya shaba na ya mgodi wa Shinkolobwe. Mgodi huo ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kuunda bomu la atomiki. Huko Los Alamos, tangu 1943, kazi ya kuigeuza urani na plutoni kuwa metali ya silaha ilisimamiwa na mzaliwa wa Uingereza, Cyril Stanley Smith.

Alizaliwa Birmingham mwaka 1903. Alitamani fizikia, lakini hisabati ilimpiga chenga, akaingia katika elimu ya metali. Alipata udaktari wake katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1926, kisha kwa takriban miaka 15 akachunguza michanganyiko ya shaba kiwandani.

Vita vilimfunza kwamba metali haimjui mkemia wala mwanafizikia, inawahitaji wote. Mwaka 1946 akaasisi Taasisi ya Uchunguzi wa Metali katika Chuo Kikuu cha Chicago. Wakati ule somo hilo aghalabu lilikaa pembeni, chini ya uhandisi wa migodi. Yeye aliwaweka wataalamu wa fani mbalimbali chini ya paa moja, na hata mapovu ya sabuni aliyatumia kueleza jinsi chembe za metali zinavyobanana na kupata umbo.

Bomu halikumwacha. Akiwa mjumbe wa kamati ya ushauri ya tume ya nishati ya atomiki, mwaka 1949 aliungana na wenzake kupinga mpango wa haraka wa bomu la haidrojeni. Serikali iliendelea nao.

Mwaka 1961 alirejea MIT akiwa profesa wa metali na pia wa taaluma za utu, jambo la nadra hata leo. Alichunguza panga za Kijapani na vito vya kale, akishikilia kwamba mafundi waliotafuta uzuri walizitambua tabia za metali kabla ya wasomi. Aliyewahi kuishika misalaba ya shaba ya Katanga, iliyomiminwa na wahunzi wetu karne nyingi kabla ya kampuni za Wabelgiji, hatabishana naye.

Alifariki dunia Agosti 1992, mjini Cambridge, Massachusetts. Taasisi yake ya Chicago ingali hai, kwa jina la James Franck.