JALINUS, MGANGA ALIYETAFUTA NJIA YA SAUTI

Ukiinua mkono, ukisoma ukurasa huu, ukimwita mtoto wako, ni kiungo gani kinachotoa amri? Leo kila mwanafunzi atakujibu kuwa ni ubongo. Lakini jua kwamba zamani wenye elimu wengi, wakimfuata Aristo, walisema ni moyo. Sauti inatoka kifuani, walisema, na kifuani ndimo ulimo moyo.

Aliyewapinga mbele ya watu ni Jalinus, ambaye Wafaransa humwita Galien. Alizaliwa mwaka 129 wa miladi mjini Pergamon, nchi ya Uturuki ya leo. Baba yake Nikon, mjenzi wa majumba, aliota ndoto, akamtia mwanawe katika masomo ya uganga. Kijana akasoma hadi Iskandaria. Mwaka 157 alirudi kwao kuwatibu watu waliopiganishwa kwa silaha ili umati ufurahi. Maiti ya mtu haikupasuliwa wakati ule, basi majeraha yale yalimfundisha mengi.

Mwaka 162 akaenda Roma. Huko, mbele ya wenye elimu na wakubwa, alimfunga nguruwe hai (usikunje uso, ndugu, watu wale hawakuwa na sheria yetu) akampasua shingo, akatafuta mishipa ya fahamu myembamba kama unywele iendayo kooni. Akaifunga kwa uzi. Mnyama akaendelea kupumua na kuhangaika, moyo unapiga, kinywa wazi, lakini sauti hakuna. Uzi ulipolegezwa, akalia tena. Jalinus aliifuata mishipa ile akaona inatoka kichwani, inashuka hadi kifuani, inazunguka, kisha inapanda tena kooni. Mateso yale ya mnyama mimi siyasifu, lakini jibu lilionekana kwa macho.

Alikata pia kamba ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Akikata chini, miguu inapooza. Akikata upande mmoja, upande huo ndio unaolegea. Akikata juu kabisa shingoni, pumzi inakatika.

Sasa sikiliza habari ya Pausanias, mtu wa Shamu. Alipoteza hisia katika vidole viwili vidogo na nusu ya kile cha kati. Waganga wakapaka dawa vidoleni siku nyingi, bure. Jalinus akamwuliza kama aliumia mahali. Akajibu kwamba alianguka kutoka garini, mgongo ukapiga jiwe. Basi Jalinus akaamuru dawa ile ile iwekwe mgongoni, karibu na shingo, na mgonjwa akapona. Nawe ukimwona mzee wa mtaa wako mdomo umepinda na mkono unaning'inia, usikimbilie kusema amerogwa na kuusugua mkono tu. Kilichoumia kiko kichwani, mpeleke hospitali saa ile ile.

Aliandika pia juu ya mtoto aliyepasuliwa uvimbe wa shingoni na mganga asiyejua. Mishipa ya sauti ikakatwa, mtoto akawa bubu. Hata leo daktari mpasuaji, akitoa rovu, huitafuta kwanza mishipa hiyo ili asiiguse.

Katika jambo la macho alipata nusu. Alijua kuwa mshipa wa jicho unaliunganisha na ubongo, lakini alidhani una tundu, na kwamba nguvu ya kuona hutoka kwa ndani kwenda nje. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, ndiye aliyeonyesha kwamba mwanga huingia jichoni kutoka kwenye vitu. Na kabla yake ar-Razi alikwisha kuandika kitabu kizima cha mashaka juu ya Jalinus, huku akimheshimu kama mwalimu.

Mwaka 192 moto uliwaka Roma ukateketeza vitabu vyake vingi. Alifariki yapata miaka 400 kabla ya Hijra. Vilivyosalia vilifika Baghdad, ambako katika karne ya 9 Hunayn bin Ishaq, Mkristo aliyetumikia makhalifa, aliwafasiria Waarabu. Kitabu chake kimoja, kile cha namna ya kuthibitisha jambo, Hunayn alikitafuta Iraki, Shamu, Palestina na Misri hadi Iskandaria. Alipata karibu nusu yake tu, mjini Damasko.