Kenneth Mees

Charles Edward Kenneth Mees (Wellingborough, Uingereza, 26 Mei 1882 – Honolulu, Hawaii, Marekani, 15 Agosti 1960) alikuwa mwanakemia aliyesaidia kuweka upigaji picha kwenye msingi wa vipimo. Anajulikana kwa vichujio vya nuru vya Wratten na kwa maabara ya utafiti ya kampuni ya Kodak.

Masomo

Mees alisoma kemia katika University College London. Pamoja na rafiki yake Samuel Sheppard aliendeleza kazi ya Ferdinand Hurter na Vero Driffield, ambao mwaka 1890 walieleza jinsi ya kupima weusi wa negativu kwa namba. Kwa kipimo hicho, kichujio cha 0.3 hupitisha nusu ya nuru, cha 0.6 robo, na cha 0.9 sehemu moja ya nane.

Vichujio vya Wratten

Mwaka 1906 alijiunga na kampuni ya Wratten & Wainwright mjini Croydon, iliyoanza kuuza mabamba ya kioo yanayohisi rangi zote. Mabamba ya zamani yalihisi hasa buluu, hivyo kitu chekundu kilitoka cheusi. Mabamba mapya yalihitaji vichujio vya kutegemewa, na Mees alivitengeneza kwa kupima kiasi cha nuru ya kila rangi kinachopita.

Ugumu wa kazi hiyo huonekana katika vichujio vya kijivu, ambavyo katika orodha ya Wratten vina namba 96. Kazi yao ni kupunguza nuru bila kubadili rangi. Lakini chembe za kaboni hunyonya buluu kuliko nyekundu, na picha huelekea hudhurungi isiporekebishwa. Tena jicho pekee halitoshi kuhukumu: kichujio kinachoonekana kijivu kinaweza kupitisha miale ya infraredi, na kamera ya kidijiti ikaonyesha nguo nyeusi kuwa na wekundu.

Kodak

Mwaka 1912 George Eastman alimwita Marekani. Mees hakukubali kuwaacha washirika wake. Alitaka Kodak inunue kampuni yao nzima, na ndivyo ilivyofanyika. Alianzisha maabara huko Rochester, New York, akaongoza utafiti wa Kodak hadi alipostaafu mwaka 1955. Filamu ya rangi ya Kodachrome, iliyotolewa mwaka 1935, ilikamilishwa humo na Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Maabara hiyo iliwatengenezea pia wanaastronomia mabamba maalumu.

Kumbukumbu

Mwaka 1939 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Kasoko moja ya Mwezi ina jina lake, na namba za vichujio vya Wratten bado zinatumika.